Karatasi za Bibi Mkasi

Mkokoteni ulikuwa umeagizwa kwa Jumamosi saa mbili asubuhi, na mpaka Jumatano jioni Bibi Mkasi alikuwa hajafunga hata kijiko. Alikaa kwenye kiti chake cha zamani cha cherehani, mikono mapajani, akawatazama wenzake wakihangaika na maboksi kama mtu anayetazama wezi ambao ameshawasamehe. Mwenye nyumba alitaka kubomoa ajenge maduka. Vyumba vinne walivyokaa miaka kumi na minane vilikuwa vinageuka viwili, ng'ambo ya reli, na kila mtu ndani ya nyumba ile alijua hesabu hiyo ingemwangukia nani.

"Mama, hizi karatasi," alisema binti yake.

"Zimefanya nini?"

"Kule hazina pa kukaa."

"Basi na mimi sina pa kukaa. Mwambie mwenye mkokoteni atupakie mimi na karatasi zangu, akifika relini atushushe."

Alikuwa hatanii. Jina la Bibi Mkasi alipewa kwa kazi yake ya ushonaji, likadumu kwa sababu ya ulimi wake.

Kuta tatu za chumba chake zilijaa misumari, na kila msumari ulikuwa na kitanzi cha waya, na kila kitanzi kilibeba karatasi zilizotundikwa hadi zikafanya unene wa godoro. Zilikuwa karatasi za kukatia nguo, za magazeti na mifuko ya saruji, za miaka arobaini. Mafundi wengine huandika vipimo daftarini. Yeye alilidharau daftari. Daftari, alisema, linakuambia kiuno ni inchi ishirini na nane, halikuambii kwamba bega la kushoto limeshuka na mwenyewe anaona haya. Kwa hiyo kila mteja alimkata kwanza kwenye karatasi, bega na haya yake, akaandika jina na mwaka kwa penseli ya buluu, akamtundika. Macho yalipofifia na cherehani ikauzwa, wateja wakabaki ukutani.

Kila asubuhi baada ya chai alimshusha mmoja bila kuchagua, akamkunjulia magotini, akaanza.

"Ahaa! Tarishi wa posta. Huyu mkoba ulimvuta bega hadi akawa kama mlango uliong'oka bawaba moja. Wasichana wakimwona wanacheka. Nikamtilia pamba ndani ya koti, kidogo kidogo, hata yeye sikumwambia. Mwaka ule ule akaoa! Mkewe alikuja kugundua chumbani, na harusi imeshaliwa."

Mkwewe, Fundi Bomba, alipiga goti kwa kicheko, akachelewa kazini, mabomba ya watu yakaendelea kuvuja. Kuna wazee wanaokumbuka kama wanaokuna kidonda. Bibi Mkasi alikumbuka kama anayekula: taratibu, kwa hamu, na akimaliza ameshiba. Miaka sabini na minane, miguu imevimba, senti moja ya kwake hana, na alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika nyumba ile. Jambo hilo lilimchoma binti yake kuliko kosa lolote ambalo mama mtu angeweza kulitenda.

Binti alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni. Mtaani walimwita Mpishi tu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na mikono minene iliyokoroga masufuria ya watoto mia sita, na kwa watoto mia sita hakuwahi kupandisha sauti. Kwa mama mmoja alishindwa.

"Unacheka nini?" alimuuliza mumewe uani.

"Si hadithi ya bega?"

"Umeisikia mara ngapi?"

"Hata wimbo huimbwa tena, mke wangu."

"Wewe cheka. Si wewe uliyetolewa kwa watu ukiwa na miaka sita."

Fundi Bomba akachukua spana zake akaondoka. Maneno hayo nayo alikuwa ameyasikia mara nyingi, na hayo hayakuwa na mahali pa kucheka.

Alhamisi Mpishi aliomba ruhusa kazini, akaanza kushusha vitanzi ukutani. Hakuomba ruhusa ya mwenye chumba. Bibi Mkasi alimwacha, akamsimamia kwa mdomo.

"Polepole na huyo, ni mke wa mhasibu. Kiuno kama chake mpaka leo sijakiona kingine. Usimkunje hapo! Hakukunjika alipokuwa hai, leo umkunje wewe?"

Mpishi alikuwa anasoma majina. Mwanzoni alisoma kwa kupitisha, kisha kwa kutafuta. Kitanzi kizima kilikuwa cha mdogo wake wa kiume, aliyeitwa Kitinda kwa kuwa alifunga tumbo la mama yao: karatasi kumi na moja, tangu akiwa wa kubebwa mpaka suruali yake ya kwanza ndefu. Kitinda aliishi mbali. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, lakini wa Kitinda mama yake aliulamba kila Jumapili, kwa simu. Kilifuata kitanzi cha watoto wa mwalimu mkuu, cha mapacha wa mwenye duka, cha mtoto wa jirani waliyemwita Mwanzi kwa wembamba wake. Karatasi za Mwanzi zilikuwa nane.

"Zangu ziko wapi?" aliuliza.

"Zako zipi?"

"Mimi pia nilikuwa mtoto wako. Nilivaa nguo. Karatasi zangu ziko wapi?"

Bibi Mkasi alimtazama kwa mshangao wa kweli, na mshangao ule ulikuwa mbaya kuliko tusi.

"Wewe hukuwepo."

Wakati mwingine mtu husubiri neno miaka arobaini, na likija linamkuta amepiga magoti sakafuni na vumbi puani. Mpishi aliinuka.

"Sikuwepo kwa sababu ulinipeleka."

"Baba yenu amekufa, nina mtoto kifuani, cherehani ya kukodi. Shangazi yako alikuwa na nyumba ya matofali na anataka msichana. Ulitaka nikulishe pini?"

"Kitinda ulimlisha nini?"

"Kitinda alikuwa ananyonya! Kwani ungenyonya na wewe? Na kila mwisho wa mwaka nilikushonea gauni. Manane. Hakuna hata mwaka mmoja niliokosa. Sema kama ni uongo."

"Ulinikatia kwa karatasi ipi?"

"Ya Mwanzi." Bibi alisema hivyo kwa fahari ya fundi anayejua kazi yake. "Mlizaliwa mwezi mmoja. Fundi hakati kwa kubahatisha. Nilimwita, nikampima, nikakata, akalivaa nikaona linavyoanguka, ndipo nikalituma. Shangazi yako akaandika kila mwaka: limemkaa sawa."

Mpishi alicheka kicheko kifupi kisicho na raha.

"Limenikaa sawa. Mama, mimi nilikuwa mnene. Kwa shangazi nilipikishwa, na mpishi huonja. Mwaka wa gauni la kijani nilipandishwa jukwaani nisome shairi mbele ya shule nzima. Nilipoinua mkono, kwapa likapasuka, tratra, mpaka kiunoni. Mwalimu alinifunika kwa kitambaa cha meza. Tangu siku ile mpaka namaliza shule watoto wa shangazi waliniita Gunia. Gunia, chota maji. Gunia, osha vyombo. Na mwaka uliofuata likaja jingine linabana vile vile! Nikajua huyu mama hanijui hata umbo."

Bibi Mkasi alikuwa amefungua mdomo. Kisha, Mungu amsamehe, kicheko kikamponyoka.

"Kumbe ulikuwa mnene!"

Hakukusudia ubaya. Alicheka kama alivyomcheka tarishi, kwa sababu jambo lilikuwa jipya na lilikuwa la mwili na la nguo. Lakini Mpishi alikiangusha kitanzi alichokishika, akatoka.

Ijumaa asubuhi Fundi Bomba alimpeleka mkwewe kliniki ya macho. Mpishi alibaki. Saa nne akapita mnunuzi wa karatasi na mizani yake ya kuning'iniza, yule anayewauzia wachuuzi wa sokoni vifungashio. Kwa kawaida alipita akaambiwa hapana. Siku hiyo aliitwa.

"Zote?" aliuliza, akishika kiuno mbele ya lundo.

"Zote."

"Za magazeti ni bei moja, za saruji zina vumbi, hizo..."

"Wewe chukua tu."

Alipima, akatoa pesa, nyingi kidogo kuliko nauli ya kliniki. Mpishi aliziweka juu ya kabati bila kuzihesabu. Alijiambia amefanya usafi. Alijiambia kule kuna vyumba viwili. Alijiambia mengi, na yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu.

Bibi Mkasi alirudi saa saba, matone ya dawa bado yakimtoka machoni. Alisimama mlangoni mwa chumba chake. Misumari ilikuwa imebaki ukutani, mitupu, na kila mmoja ulikuwa na doa jeupe nyuma yake pale ambapo moshi na miaka havikufika.

"Umewauza?"

"Karatasi, Mama."

"Nimeuliza watu."

Bibi alikwenda akakaa kwenye kiti chake, akauegemeza uso ukutani. Hakulia wala hakutukana, na binti yake, aliyekuwa ametayarisha majibu ya kila tusi, akabaki nayo mdomoni.

Kule ng'ambo ya reli vyumba vilikuwa na sakafu nzuri na dirisha linaloangalia ukuta wa jirani. Bibi Mkasi aliwekwa penye mwanga. Aliamka, akanywa chai nusu, akakaa. Akiulizwa jambo alijibu ndiyo au hapana. Chakula alikionja vijiko vitatu, kwa adabu, kama mgeni anayeogopa kumuudhi mwenyeji. Jumapili Kitinda alipiga simu, na mama yake akamsikiliza kidogo, akamrudishia Mpishi simu huku Kitinda angali anasema.

Hapo ndipo Mpishi alipoogopa. Kama hata Kitinda!

"Umemnyamazisha," alisema Fundi Bomba wiki ya pili. Siku hizi alitoka kazini akapitia kwa rafiki zake, akarudi amekwisha kula. "Sasa furahi."

"Sijamkataza kusema."

"Hukumkataza. Umemng'oa meno, sasa unashangaa hatafuni."

"Yeye alicheka! Nimemwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia maisha yangu yote, akacheka!"

"Ndiyo, alikosea. Akacheka siku moja. Wewe umenuna miaka yote niliyokujua. Nani kati yenu amemla mwenzake?"

Mpishi alimtupia mwiko. Ulimkosa, ukagonga mlango, na upande wa pili wa mlango Bibi Mkasi hakuuliza hata kilichoanguka.

Jambo la ajabu, na Mpishi alilikiri peke yake jikoni akimenya viazi vya watu mia sita, ni kwamba ukimya ule haukumpa chochote. Alidhani hadithi za mama yake ndizo zilizomwasha, na zikikoma naye atapoa. Zilikoma. Gauni la kijani likaendelea kupasuka kila siku, tratra mpaka kiunoni, na sasa hakukuwa na hadithi nyingine ya kulifunika. Na mama yake alikuwa anapungua mbele ya macho yake. Mzee anayekula vijiko vitatu huhitaji hesabu gani tena? Atakufa hivi, aliwaza Mpishi, amenuna, na mimi ndiye niliyemfundisha kununa.

Jumanne alimfuata mnunuzi wa karatasi. Mnunuzi alimkumbuka.

"Zile zilikuwa karatasi ngumu, mama. Nilimuuzia yule muuza karanga mrefu, lango la pili la soko. Alipoziona alichukua lundo zima, hakubishana hata bei."

Mpishi alimjua muuza karanga mrefu. Alikuwa Mwanzi mwenyewe, mtoto wa jirani wa zamani, sasa mwanamke wa miaka hamsini na miwili mwenye mgongo ulionyooka kama jina lake. Kule nyumba ya zamani alizoea kuja kila Jumapili kumwamkia Bibi Mkasi, na Mpishi alizoea kupata kazi ya haraka jikoni mpaka aondoke.

Alimkuta kwenye meza yake, anasokota karatasi kuwa mfano wa pembe, anajaza karanga, anafunga mdomo. Kwenye pembe moja ilisomeka penseli ya buluu: *mke wa mhas*. Iliyobaki imekunjwa.

"Nimekuja kuzinunua," alisema Mpishi.

"Karanga?"

"Unajua ninachosema."

"Umeziuza wewe. Mimi nimenunua. Ni mali yangu." Mwanzi hakuinua macho. "Zimebaki kidogo. Zako zimekwisha."

"Zangu hazikuwepo. Zilikuwa zako."

"Ndizo nilizoanza nazo. Niliziona tu, nikazichana kabla sijawasha jiko."

"Kwa nini?"

Mwanzi akaweka chini pembe aliyoishika.

"Unauliza wewe? Kila mwisho wa mwaka nilikuwa nikirudi na ndoo ya maji, naitwa dirishani. Navua langu lililotoboka, navalishwa jipya. Geuka. Inua mkono. Zunguka. Mama yako amekaa chini, pini zimejaa mdomoni, ananitazama machozi yanamtoka, ananiita kwa jina lako. Si mara moja. Miaka minane. Halafu, vua. Gauni linakunjwa, linaingia mfukoni, mimi narudia tambara langu na ndoo yangu. Mama alikuwa hana pesa ya kunishonea hata leso. Na wewe, yalikukaa?"

"Yalinibana."

"Mimi yalinikaa sawasawa. Sijawahi kuvaa nguo iliyonikaa vile, mpaka leo."

Mteja alikuja, akanunua, akaondoka. Wanawake wawili hawakutazamana.

"Na bado ulikuwa unakuja kumwamkia," alisema Mpishi.

"Nani mwingine amewahi kulia akinitazama?" Mwanzi akavuta kifungu cha karatasi chini ya meza, chembamba, akakitupa juu ya karanga. "Chukua. Lipa bei ya karanga ambazo ningezifungia humo. Na usisimame hapo, unanizibia wateja."

Mpishi akalipa. Njiani alikibeba kifungu kile kifuani, na machozi yalimtoka hadharani bila kuyafuta, kwa hasira, kwa aibu na kwa wivu, maana alikuwa amemwonea mtu wivu miaka arobaini kumbe na mwenzake alikuwa anamwonea yeye.

Bibi Mkasi alikuwa penye dirisha. Mpishi alimwekea kifungu magotini. Bibi alikifungua kwa vidole. Tarishi alikuwepo, lakini bega lake la kushoto lilikuwa limechanika likaenda na karanga za mtu. Alimgeuza, akamrudisha.

"Wametafunwa," alisema, akaufunga mdomo tena.

Mpishi akakaa sakafuni, chini ya kiti, pale ambapo hakuwahi kukaa.

"Mama. Nisimulie gauni la kijani."

Bibi alimnyoosha tarishi magotini.

"Mama."

"Wewe hukuwepo."

"Najua sikuwepo. Nisimulie hivyo hivyo."

Mpishi alianza kuinuka. Ndipo sauti ikaja, yenye kutu.

"Kilikuwa kitambaa kilichobaki, cha mke wa mwalimu mkuu. Kijani cha jani la kunde. Hakikutosha. Nilikiunga mgongoni, ukitazama huoni. Kola nyeupe. Nikasema msichana wangu atakuwa anasoma mbele za watu, mkono uwe na nafasi ya kuinuka. Ukaja ukavaa..."

"Mwanzi akavaa."

"Nani anasimulia?"

"Wewe."

"Basi funga mdomo. Ukavaa. Ukazunguka mara mbili, upindo ukafunguka. Nikasema, yule pale. Ni yeye yule. Nikakutazama mpaka pini ikanichoma ulimi." Aligusa midomo yake. "Siku kama ile, hata njaa sikuisikia. Nikalikunja, nikalituma. Baada ya hapo sijui."

Mpishi alikuwa ameyafumba macho, na kwa mara ya kwanza gauni lile alikuwa amelivaa na halijapasuka.

"Likakubana wapi?" aliuliza Bibi Mkasi.

"Nini?"

"Umekuwa kiziwi? Gauni. Lilikubana wapi?"

Katika miaka yote hiyo, shangazi, mwalimu, mume, wote waliwahi kumwambia asahau. Hakuna aliyewahi kuuliza wapi.

"Kwapani."

"Kwapa lipi? Sema basi, sina siku nzima."

Mpishi akainua mkono wa kulia. Mama yake akainama, akapapasa kwa vidole vilivyopinda, kutoka kwapani mpaka kwenye ubavu, akipima shubiri, akirudia, midomo ikihesabu.

"Inchi mbili," alisema, na sasa alikuwa amekasirika kweli, kama alivyokuwa akikasirika zamani na kitambaa kilichokatwa vibaya. "Inchi mbili nzima! Na yule wifi yangu akaniandikia limekaa sawa. Miaka minane! Lete karatasi."

"Karatasi gani, Mama? Hakuna karatasi."

"Hata hiyo ya tarishi. Igeuze upande wa nyuma. Na usishushe huo mkono, sijamaliza. Inua na wa pili."